Ng'onda Haogelei Tena: Mazungumzo Kuhusu Kuhamisha CD Kwenda Kwenye Kompyuta

(Hotuba kwa viongozi wa kwaya, walimu wa madrasa, vikundi vya ngoma na wenye vibanda vya kuingiza nyimbo, Mtwara mjini.)

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wa kwaya, Tumsifu Yesu Kristo. Maustadhi, asalaam aleikum. Na nyinyi vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo, mliojibanza mlangoni kama watu wanaodaiwa, mambo?

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Fundi, njoo utuamulie. Watu wanabishana kuhusu 128 na 320, kwaya mbili karibu zigombane." Nitaamua. Ila kabla ya hizo namba, ambazo ni kilobiti kwa sekunde za faili la MP3, nina jambo la kuungama, na naliungama hadharani kwa sababu nahisi humu ndani simo peke yangu.

Mwaka 2009 nilikuwa napiga muziki kwenye maharusi, hapa mjini na Mikindani. Akanijia mama mmoja na CD. Ndani mlikuwa na nyimbo kumi na mbili za kikundi cha ngoma cha kijijini kwao, kule juu upande wa Newala, na marehemu kaka yake anasikika akiongoza nyimbo mbili za mwanzo. Alitaka nimwekee zote kwenye fleshi. Nikaitia CD kwenye kompyuta, nikaifungua, nikaona mafaili kumi na mawili yamejipanga vizuri, Track01 mpaka Track12. Nikayakamata yote, nikakopi, nikapesti. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Nikajisifu moyoni kwamba mashine yangu ina kasi. Nikapokea hela yangu, mama akaenda zake.

Alirudi baada ya miezi kadhaa. Fleshi haiimbi. Nikamuuliza CD iko wapi. Wajukuu walikuwa wameitundika shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, kwa sababu bibi aliwaambia nyimbo sasa zipo kwenye fleshi. Ilipigwa jua, ikanyeshewa, ikapigwa jua tena. Alinionyesha. Unaweza kuitazama dunia kupitia kwenye ile CD.

Kilichotokea ni hiki. Yale mafaili niliyoyakopi yanaishia na herufi cda, na kila moja lina baiti 44. Yote kumi na mawili ukiyaweka pamoja hayafiki meseji nne za kawaida za simu. Hayana sauti. Ni maelekezo tu, yanayoiambia kompyuta kwamba wimbo wa tatu unaanzia hapa na una urefu huu. Nyinyi watu wa korosho nitawaeleza kwa lugha yenu: nilimpa yule mama stakabadhi kumi na mbili, mzigo wenyewe ukabaki ghalani. Halafu ghala likatundikwa shambani.

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini naona vijana wawili kule nyuma hawacheki.

Tangu siku hiyo sina wasiwasi na CD za wanamuziki wakubwa. Hizo zikipotea Mtwara, zipo Dar es Salaam, zipo kwenye intaneti, zipo hata Nairobi. Ninazozihofia ni zile ambazo dunia nzima zimebaki tatu: moja kwa mwalimu wa kwaya, moja kwa katekista, na ya tatu hakuna anayekumbuka nani aliiazima. Sindimba iliyorekodiwa uwanjani siku ya sherehe. Kaswida za Maulidi za watoto ambao leo wana watoto wao. Mawaidha ya shehe aliyekwisha kututoka. Kwa CD za namna hiyo, nakala utakayoitoa leo huenda ndiyo itakayobaki. Kwa hiyo mimi nasema: itoe kwanza nzima, bila kupunguza chochote, uihifadhi. Ya kupunguza kwa ajili ya simu na sabufa utaitoa kwenye hiyo nzima, wakati wowote, mara mia ukitaka. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunapunguza kwanza, nzima tunaitupa.

Sasa tuione CD yenyewe. Ilianza kuuzwa mwaka 1982, baada ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani kukubaliana iwe ya namna moja. Sauti iliyomo haikuchongwa kwenye mfereji kama santuri, wala haikunaswa kwa sumaku kama utepe wa kaseti. Imepimwa, vipimo vikaandikwa. Kila sekunde wimbi la sauti hupimwa mara 44,100, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu kumi na sita za sifuri na moja. Mbona 44,100? Sikio zima la binadamu husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na ili uunase mtetemo inabidi uupime zaidi ya mara mbili. Sikio langu mimi, baada ya miaka yote ya kusimama mbele ya spika, halifiki huko. Lakini CD hawakuitengeneza kwa ajili yangu.

Zidisheni: 44,100 mara 16 mara 2. Biti 1,411,200 kwa sekunde. Ndiyo ile 1,411 mnayoiona kwenye kompyuta mkibofya kuangalia habari za faili. Kwa dakika moja ni megabaiti 10 na nusu. Wimbo wa dakika sita ni megabaiti 63, na nyimbo za kwaya zetu mnazijua, dakika sita ndiyo kwanza wanamaliza utangulizi.

Kuhamisha CD ni kuiambia programu ivisome vipimo hivyo kimoja kimoja na kuviandika upya kama faili kamili. Vijana wanasema kuripu, nami nitasema hivyo hivyo. Kuripu si kukopi. Ukiona kazi imekwisha kwa sekunde mbili, jua umebeba stakabadhi.

Na kusoma kwenyewe kuna mitego. CD ya muziki imegawanywa vipande 75 kwa kila sekunde, kila kipande baiti 2,352, na zote ni sauti. CD ya data, ile yenye programu au picha, hubeba baiti 2,048 tu za mzigo katika kipande kama hicho, na sehemu kubwa ya nafasi iliyobaki ni hesabu za kusahihisha makosa. Ya muziki nayo ina kinga yake, lakini ni nyepesi zaidi. Mkwaruzo ukiishinda kinga hiyo, deki hubuni. Inatazama kipimo kilichotangulia na kinachofuata, inabandika cha katikati, inaendelea kuimba kama hakuna kilichotokea. Sikio halishtuki. Ndiyo maana CD iliyokwaruzwa kama imeburuzwa barabarani mpaka Mikindani bado inaimba. Kompyuta nayo ikisoma mbiombio hufanya vivyo hivyo, na pale inaposhindwa kabisa unasikia "tik, tik", na hiyo tik sasa imeingia kwenye faili. Itakaa humo hata baada yetu.

Kwa hiyo tumieni programu yenye hali ya kusoma kwa uangalifu. Kwenye Windows mimi natumia Exact Audio Copy, ambayo kwa matumizi ya nyumbani ni ya bure. Kwenye Linux ipo cdparanoia, na jina lake halidanganyi, maana haiamini hata macho yake. Programu hizi husoma sehemu ileile zaidi ya mara moja na kulinganisha. Majibu yakitofautiana, zinarudia tena na tena, halafu mwishoni zinakupa ripoti kwamba hapa nimepata, hapa nimeshindwa, dakika fulani na sekunde fulani. Ripoti hiyo msiifute. Iwekeni kwenye folda pamoja na nyimbo. Kuna pia huduma ya AccurateRip inayolinganisha usomaji wako na wa watu wengine duniani waliosoma CD kama yako. Kwa CD ya kwaya ya Nanyumbu itakujibu kwamba haijawahi kuiona. Msishtuke, si kosa. Nani mwingine angekuwa ameisoma?

Kazi hii haitaki haraka. CD nzima huchukua dakika kumi au ishirini. Mbovu inaweza kukuchosha mchana kutwa. Tumia laptopu yenye betri inayoshika, maana umeme ukikatika katikati ya wimbo unaanza upya. Laptopu za siku hizi haziji na sehemu ya CD, kwa hiyo tafuta draivu ya nje ya kuchomeka.

Kusafisha: maji na sabuni kidogo, kitambaa laini cha pamba, unafuta kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Usizungushe. Thina na petroli msiziguse kabisa. Na watu huhofia mikwaruzo ya upande wa chini, unaong'aa, kumbe wa hatari ni wa juu, wenye maandishi. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja. Juu, kati ya ukucha wako na ile karatasi nyembamba ya madini inayoakisi mwanga, kuna rangi tu. Inua CD uielekeze kwenye taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, hapo hakuna tena cha kusoma, na hakuna dawa ya meno itakayokusaidia.

Haya, tuje kwenye ugomvi.

Watu wa pwani tunajua kukunja mkeka. Ukiukunja unakuwa mdogo, unauweka juu ya kabati. Ukiukunjua, kila ukindu uko mahali pake. FLAC ni mkeka uliokunjwa. Ilitoka mwaka 2001, ni ya bure kwa kila mtu, na sauti ya CD ikiwekwa humo mara nyingi inashuka mpaka kama nusu ya ukubwa wake, au nusu na kidogo. Inategemea muziki. Kwaya inayoimba bila vyombo hukunjika vizuri, dansi lenye gitaa la umeme na matarumbeta linakaidi. Lakini ukilikunjua unapata vipimo vilevile vilivyokuwa kwenye CD, bila kupungua hata kimoja.

MP3 ni ng'onda. Simdharau ng'onda, nimelelewa naye. Samaki anapasuliwa, yasiyotakiwa yanatolewa, anatiwa chumvi, anaanikwa, anakuwa mwepesi, unampandisha mpaka Masasi na Nachingwea bila barafu. MP3 imefanya kazi hiyohiyo kwa muziki. Waliohangaika nayo zaidi ni watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na herufi hizo tatu za mwisho wa jina la faili walikubaliana kuzitumia Julai 1995. Ujanja wao uliegemea udhaifu wa sikio. Simama sokoni hapa mjini ukizungumza na muuza dagaa. Ikipita bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa, husikii neno lake. Neno limesemwa, hewa imetikisika, ila bodaboda imelifunika. MP3 hutafuta kila mahali ambapo sauti kubwa inafunika ndogo, ikasema hii ndogo hakuna atakayeisikia, niitupe. Inatupa. Ukiipa nafasi ya kutosha, yaani kilobiti nyingi za data kwa kila sekunde ya wimbo, inatupa tu yale yaliyofunikwa kweli. Ukiibana, inaanza kutupa hata muuza dagaa anayepiga kelele.

Na hapa ngoma zetu zinapata taabu kuliko muziki wa watu wengine. MP3 hushughulikia sauti kwa mafungu, kila fungu vipimo 1,152, kama sehemu 26 za elfu ya sekunde. Sauti laini inayotiririka haina shida. Lakini kijiti kinapochapa ngozi ya ngoma ndogo, sauti inatoka kimya kwenda juu kwa ghafla, na ikiwa kilobiti ni chache, uchafu wa hesabu unatapakaa kwenye fungu zima, hata kabla ya mpigo wenyewe. Mpigo unakuwa na kivuli kinachoutangulia. Njuga ndizo zinateseka zaidi, maana sauti yao iko juu na haitulii.

Kijana, weka ya kwanza. Hii ni ngoma moja, nimeiripu mwenyewe, hapa iko kilobiti 64.

(Inachezwa.)

Mzee pale anasema njuga zimekuwa kama mtu anamwaga mchanga juu ya bati. Hakuna fundi angeieleza vizuri zaidi. Weka ya pili, 128. Imepona kidogo, siyo? Njuga zimerudi miguuni, ingawa zinasikika kama mchezaji amevaa soksi. Ya tatu na ya nne, moja ni 192 na nyingine ni FLAC. Sisemi ipi ni ipi.

(Zinachezwa.)

Nyoosheni mikono. Wanaosema ya nne ndiyo FLAC? Wengi. Mmekosea, FLAC ilikuwa ya tatu. Msione haya, nami nyumbani nikijipima bila kuangalia hukosea. Kwa spika kama hizi, ukumbi kama huu, feni zinazunguka, 192 iliyotengenezwa vizuri na FLAC hazitofautiki. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba bila FLAC husikii muziki. FLAC si ya sikio la leo. Ni ya siku utakapotaka kutengeneza kitu kingine kutoka kwenye sauti hiyo: kuisafisha, kuipeleka redioni, kuiweka kwenye aina ya faili ambayo bado haijavumbuliwa. Siku hiyo utataka uanze na samaki mzima.

Basi, kwaya zetu mbili. Nimezisikiliza pande zote. Kwaya ya kwanza ina nyimbo zake katika 128, ziliripiwa zamani, na CD haipo tena. Kwaya ya pili inasema yenyewe ina 320, kwa hiyo sauti yake ni bora. Nikauliza hiyo 320 imetoka wapi. Nikajibiwa kwamba kijana wa kibanda aliipandisha kutoka 128 kwa programu.

Ndugu zangu, mloweke ng'onda usiku kucha. Asubuhi utamkuta amevimba, mnene, sufuria imejaa. Mrudishe baharini uone kama ataogelea. Wimbo wa dakika tano wa 128 una megabaiti kama 5. Ukiupandisha kuwa 320 utakuwa na 12. Zile 7 za ziada ni maji. Tena ni mbaya zaidi ya maji, maana kila ukipitisha MP3 kuwa MP3 nyingine, kisu kinapita tena juu ya samaki yuleyule. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na mwalimu anisamehe: kwaya ya 128 ina sauti bora kidogo kuliko ya 320. Mkubaliane, mkanywe chai.

Hila hiyo ina ndugu yake. Mtu ana MP3, anachoma CD ya muziki kutoka kwenye hizo MP3, anakuletea uiripu kwa FLAC. Unapata faili kubwa lenye jina la heshima, na ndani yake ng'onda aliyeviringishwa kwenye mkeka. Ukitaka kumfichua, fungua faili kwenye Audacity, uliangalie kwa ile picha ya rangi inayoitwa spectrogram. MP3 ya 128 mara nyingi inakatika karibu na mitetemo 16,000, imenyooka kama imekatwa kwa panga, na juu yake giza tupu. CD halisi ya muziki wenye njuga au matoazi hupanda kuelekea 20,000 na kufifia polepole.

Mipangilio sasa, nitapita haraka kwa kuwa nitawaonyesha mezani.

Kabla ya kubonyeza chochote, angalieni programu imepangwaje. Windows Media Player kwa miaka mingi ilikuja imewekwa kwenye WMA ya 128, ng'onda wa Microsoft, watu wakaripu maktaba nzima bila kujua. Matoleo ya zamani yalikuwa hata na kisanduku cha kulinda nakala. Ukikiacha na alama ya vema, faili linakataa kuimba kwenye kompyuta nyingine, hata kama CD ni yako na kwaya ni yako. Toleo la Windows 10 linakubali FLAC, lichagueni. iTunes huja na AAC ya 256, ambayo ni ng'onda mzuri, lakini ni ng'onda.

Nakala ya kuhifadhi: FLAC, biti 16, 44,100. Msiongeze kuwa biti 24 wala 96,000. CD haina hizo, na programu itaziba nafasi kwa sifuri na vipimo vya kubuni. Alama ya kusawazisha ukubwa wa sauti iondoeni. Kama wimbo mmoja ni wa chini, uacheni wa chini, hivyo ndivyo ulivyorekodiwa.

Nakala ya kusikiliza: MP3. Kwa simu, tumieni programu yenye LAME, kitengenezaji cha MP3, ndani yake, mchague kiwango cha V2, ambayo kilobiti zake zinapanda na kushuka kulingana na wimbo, wastani kama 190. Mwenye masikio ya kudeka aende V0, wastani kama 245. Lakini zile sabufa zetu za bei nafuu na redio za kwenye bajaji nyingine huchanganyikiwa na kilobiti zinazopanda na kushuka, zinaonyesha dakika za uongo, na FLAC hazijui kabisa. Kwa hizo toeni 192 isiyobadilika. Mawaidha na mahubiri, sauti ya mtu mmoja, kilobiti 64 kwa mono zinatosha. Mono, nasisitiza. Ukiacha stereo, hizo 64 zinagawanywa kwa pande mbili, na shehe anaanza kuongea kama yuko ndani ya mtungi.

Nafasi isiwatishe. Nina boksi la CD 63 za parokia moja. Hata kila moja ikichukua megabaiti 400 za FLAC, zote ni gigabaiti 25. Zinaingia kwenye fleshi ya 32. Ila fleshi moja si hifadhi. Wekeni mbili, ya pili ikae nyumba nyingine.

Nikae kidogo kwenye majina, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza vingi kuliko kwenye kilobiti. Ukiitia CD ya dukani kwenye kompyuta yenye intaneti, programu inaleta majina ya nyimbo yenyewe. Watu hudhani yameandikwa ndani ya CD. Kwa kawaida hayamo. Programu hupima idadi na urefu wa nyimbo, ikaenda kuuliza kwenye hifadhi ya majina kama vile MusicBrainz, "nani ana CD yenye urefu huu?" CD ya kikundi cha Tandahimba haimo humo. Kwa hiyo utapata Track 01, au vibaya zaidi, utapata jibu la kubahatisha. Mimi niliwahi kuletewa kaswida za watoto zikaja na jina la albamu ya Kijerumani. Kijana asiye makini angebonyeza "sawa", na leo watoto wale wangekuwa Wajerumani.

Andikeni wenyewe. Jina la kikundi, kijiji, mwaka, jina la wimbo jinsi wanavyoutamka wenyewe, lugha yake, Kimakonde, Kiyao, Kimwera au Kimakua, maana mwaka 2050 atakayesikiliza huenda asijue hata ni lugha gani. Nani anaongoza. Nani anapiga ngoma kubwa. Wimbo ulitungwa kwa sababu gani. Kuna nafasi ya maelezo ndani ya faili la FLAC, ijazeni. Na kazi hii haiwezi kufanywa na kijana peke yake kwenye kibanda. Kaa na mzee, mpe chai, chezeni wimbo mmoja mmoja. Mimi nilikaa hivyo na mzee mmoja kule Lindi, CD moja ikatuchukua siku mbili. Kuripu kulichukua dakika kumi na tano.

Jambo la kuhifadhi CD zenyewe, maana baada ya kuripu hazitupwi. Jua ni adui wa zile za kuchoma, kwa kuwa zimeandikwa kwenye rangi inayofifia. Na tafadhali, msiziweke stoo moja na salfa ya kupulizia mikorosho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kiwanda kimoja cha Uingereza kilitengeneza CD ambazo baadaye zilianza kugeuka rangi ya shaba kutoka ukingoni na kuacha kusomeka. Chanzo kilikuwa salfa iliyomo kwenye karatasi za makasha, ikapenya ile rangi ya juu na kula madini. Ilikuwa salfa kidogo tu ya kwenye karatasi. Sisi tuna mifuko ya kilo 25 chini ya kitanda.

Mmoja ameniandikia kikaratasi: je, kila kitu kiripiwe? Hapana. Ya jandoni na unyagoni yana wenyewe. Kama wazee wa ngoma wamesema wimbo huu hautoki, hautoki, na fundi asijifanye mjuaji. Na kunakili CD yako ukasikilize nyumbani kwako ni jambo moja, kuwauzia watu kazi ya msanii kwenye fleshi ni jingine. Tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1999, na COSOTA, ofisi inayoisimamia, ipo. Nyinyi wa vibanda mnanielewa, sitaendelea.

Basi, meza iko pale dirishani. Nimekuja na laptopu mbili na draivu mbili. Mwenye CD aje nayo, aje na mtu anayezijua nyimbo, daftari na kalamu viko pale. Ila ya kwanza nimekwisha kuiahidi. Yule mama wa mwaka 2009 yuko humu ndani, hataki nimwonyeshe. Mwezi uliopita alipata nakala nyingine kwa binamu yake. Ina ufa mdogo ukingoni, kwa hiyo tutaizungusha kwa kasi ndogo kabisa isije ikapasukia ndani ya draivu. Lakini CD husomwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda nje, na kaka yake anaongoza nyimbo mbili za mwanzo. Kijana, zima hiyo feni ya mezani, isitikise.